Kabati Limevimba, Mlango Haufungi: Kusoma Dalili za Mbao na Bodi

Simu nyingi ninazopokea huanza na lawama, dalili zinakuja baadaye. "Fundi, haya mabodi ya siku hizi ni biskuti tu, njoo ung'oe yote uniwekee mbao." Wengine, wachache lakini wapo, wanalalamika kutoka upande wa pili: "Fundi, niliambiwa mninga ni wa maisha, mbona mlango haufungi?" Wote wanataka niwaambie kipi bora, mbao au bodi, na mimi sijibu mpaka nione kabati linaumwa wapi. Bodi huuawa na maji na skrubu mbaya. Mbao huuawa na hewa na wadudu. Ukishajua kilichoua kabati la kwanza ndipo unaweza kuamua la pili ulitengeneze kwa kitu gani. Vinginevyo unalipa fedha nyingi kuhamisha ugonjwa.

Karakana yangu ipo Dar es Salaam, kwa hiyo mengi hapa chini ni ya pwani. Wa bara nao nimewawekea sehemu yao, maana tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, samani nyingi zimepanda malori kutoka huku kwenda kule, na nyingine zimefika zikapasuka.

Kwanza jua una kitu gani

Sura ya nje haiaminiki. Melamini za sasa, zile bodi zenye karatasi ngumu yenye picha ya mbao usoni, zina mistari ya mninga inayoshikika ukiipapasa kwa kidole, na nimekutana na watu waliolipia "mbao" wakapewa MDF, bodi ya nyuzi za mbao zilizosagwa, iliyobandikwa vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao. Njia ya haraka ni hii: fungua mlango, chukua bisibisi, toa skrubu moja ya bawaba, halafu tazama kilichonasa kwenye meno yake.

Ikitoka na chembe zinazomomonyoka kama pumba, hiyo ni chipubodi. Ikitoka na unga laini wa kahawia kama ugoro, ni MDF. Ukiona nyuzi, na kwenye tundu ukamulika na simu ukaona matabaka yamelaliana kama chapati iliyokunjwa vizuri, ni plaiwudi. Matabaka mawili membamba juu na chini, katikati vipande vya mbao vilivyopangwa bega kwa bega, ni bloku bodi. Mbao halisi hutoa vikunjo vidogo vya rangi moja, mara nyingi na harufu yake. Mtiki una harufu kama ya ngozi kuukuu. Ukishaijua hudanganywi tena.

Kwenye ukingo napo kuna ushahidi. Mistari ya mbao halisi huvuka kona na kuendelea upande wa pili kwa namna nyingine, ikigeuka kuwa vinukta na miduara pale ubao ulipokatwa. Ya vinia au karatasi hukomea ukingoni kama nguo iliyokatwa.

Uzito pia unasema. Bodi nzima ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18, ikiwa ni MDF inakaribia kilo 40. Plaiwudi ya ukubwa huohuo huwa karibu na 30. Vijana wa mikokoteni wanakutajia ni ipi kabla hujafungua mdomo.

Chini ya sinki kumevimba

Hapa ndipo nitakaa sana, kwa sababu nusu ya makabati ninayoitiwa yanaumwa hapa.

Usiangalie tu kwamba kumevimba, angalia kumevimbaje. Uvimbe una ramani. Mbavu za kabati zikiwa zimevimba kuanzia sakafuni hadi kama vidole vitatu au vinne kwenda juu, sawasawa pande zote, hayo ni maji ya kudeki. Sisi tunamwaga ndoo sakafuni na kusukuma kwa mpira, na kabati lililokaa moja kwa moja juu ya vigae linakunywa kila asubuhi. Sakafu ya kabati ikivimba kama pete kuzunguka tundu la bomba, ni bomba linalovuja. Mgongo wa kabati ukiwa mweusi wenye madoa na mbele pakavu, unyevu unatoka ukutani. Na kama ni milango tu, tena kingo za juu karibu na jiko au birika, ni mvuke.

Mwaka juzi niliitwa na mama mmoja, mtu mzima, ambaye fundi mwingine alikuwa amemkadiria jiko zima la mninga. Nilimwamkia, akaitika, akanionyesha kabati la sinki kwa mguu, hata kuinama hakutaka tena. "Marahaba baba. Hili nalo miaka miwili tu. Nimeambiwa bodi haifai Dar." Nikaingiza kichwa. Sakafu ilikuwa imepanda kama mkate chini ya kiungo cha bomba la maji machafu, lakini mbavu zilikuwa nzima kabisa. Nikakausha bomba lote kwa kitambaa, nikalizungushia karatasi ya chooni pale penye kokwa ya plastiki, nikamwomba afungulie maji huku tukiongea mambo mengine. Baada ya dakika kama 20 karatasi ilikuwa imelowa upande mmoja. Mpira wa kokwa ulikuwa umewekwa kinyume. Mpira mpya ni bei ya soda. Jiko la mninga lingeendelea kudondokewa na maji yaleyale, likaoza taratibu badala ya kuvimba haraka.

Chipubodi na MDF ni mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kugandamizwa kwa nguvu. Zikilowa, kile kilichogandamizwa kinajiachia, na hata zikikauka hazirudi. Ndiyo maana kupiga msasa uvimbe na kupaka rangi hudumu wiki mbili tu. Uso wa melamini wenyewe haupitishi maji, maji yanaingia kwenye kingo zilizokatwa: ukingo wa chini ambao fundi hakuufunika kwa sababu hauonekani, tundu la bomba, matundu ya skrubu. Nikipindua kabati la bodi lililokufa, karibu kila mara nakuta ukingo wa chini uko uchi.

Tiba, kwa mpangilio ninaoufuata. Kwanza zuia maji, maana kubadili ubao juu ya bomba linalovuja ni ubatili. Pili, kata sakafu ya kabati iliyovimba na kuweka plaiwudi iliyoshikwa kwa gundi isiyoogopa maji, kingo zake zote zikipakwa vanishi mara tatu kabla ya kufungwa, na tundu la bomba lipigwe silikoni kuzunguka. Tatu, inua kabati. Miguu ya plastiki ya sentimita 10 inayofungwa chini ya kabati inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya samani, na mbele unaweka ubao mwembamba wa kufunika, ambao ukilowa unautoa na kuuanika. Ukikosa miguu hiyo, jenga tuta la tofali na vigae, kabati likae juu yake. Nimeona makabati ya chipubodi ya bei ya chini kabisa yamefika miaka 12 kwa sababu tu yalikuwa juu ya miguu.

Tahadhari mbili za dukani. MDF yenye rangi ya kijani ndani inauzwa kama "ya maji". Ile ya kweli inavumilia unyevu wa hewa kuliko ya kawaida, lakini rangi yenyewe ni alama tu, haizuii chochote, na hata iliyo bora haikutengenezwa ili ilowe. Pili ni neno "marini", yaani ya kustahimili maji. Kwenye maduka yetu linabandikwa karibu kila plaiwudi nyekundu. Omba kipande cha kiganja, kichemshe nyumbani saa tatu au nne. Kikifunguka matabaka, gundi yake ni ya ndani ya nyumba tu. Tumia sufuria ya zamani. Mimi nilitumia ya kupikia wali na sikusamehewa mapema.

Mlango unakwama masika, kiangazi unafunga vizuri

Huu ni ugonjwa wa mbao halisi na kwa kweli si ugonjwa. Mbao hunywa na kutema unyevu wa hewa maisha yake yote. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama Dar wakati wa mvua, mbao hutulia zikiwa na maji karibu asilimia 16 ya uzito wao mkavu. Kwenye hewa ya asilimia 50 hutulia karibu na 9. Zikinywa zinatanuka kwa upana, zikitema zinasinyaa. Kwa urefu, kufuata nyuzi, hazibadiliki kwa kiasi cha kujali. Kwa hiyo pima: mlango unaokwama upande wa kitasa umetanuka kwa upana. Unaokwama juu au chini peke yake mara nyingi umening'inia, kaza bawaba kabla ya kushika randa.

Kosa kubwa ni kuupiga randa mwezi Aprili. Unaondoa milimita mbili tatu, unafunga vizuri, halafu Agosti mwanga unapita kwenye mwanya na mjusi anaingia na kutoka. Kama huwezi kuvumilia, punguza kidogo sana, kisha mlango ukikauka paka vanishi pande zote sita: mbele, nyuma, kingo mbili za pembeni, juu na chini. Kingo za juu na chini ndizo zinazokunywa kwa kasi na ndizo mafundi tunazozisahau. Vanishi haizuii unyevu, inauchelewesha tu, na mara nyingi hiyo inatosha kuvuka masika.

Mlango ulioundwa vizuri hauna shida hii sana: fremu nyembamba, katikati ubao wa paneli ulioingizwa kwenye mfereji bila gundi, ili utanuke na kusinyaa ndani ya mfereji bila kuisukuma fremu. Kama paneli yako imepasuka katikati, tazama mferejini. Utakuta fundi amejaza gundi akidhani anakusaidia, au ameipigilia misumari.

Meza au juu ya kabati imepasuka mstari mrefu

Wateja wa Dodoma, sehemu yenu ni hii. Chukua meza ya mtiki yenye upana wa sentimita 60, iliyotengenezwa huku pwani kwa mbao zilizotulia kwenye asilimia 15. Ipeleke mahali ambapo miezi ya kiangazi itaishusha hadi 9. Kama mbao zimepasuliwa kwa namna ya kawaida, ubapa, upana huo utasinyaa kwa karibu milimita 6 au 7, na mtiki ni miongoni mwa mbao tulivu. Sasa kama juu ya meza imefungwa kwa skrubu na gundi kwenye fremu isiyosogea, milimita hizo zitatoka wapi? Zinatoka kwa mpasuko, na mlio kama wa risasi ndogo.

Ukitaka kujua kama kosa ni la ufungaji au la mbao mbichi, tazama ncha za ubao. Nyufa fupi nyingi kwenye ncha, na ubao umejikunja kama kigae cha paa, ni mbao zilizotumika zikiwa mbichi. Ufa mmoja mrefu ulionyooka, mbao nyingine zikiwa zimetulia, ni ufungaji.

Ufa usiujaze putty haraka. Fungua skrubu zote zilizoshika juu ya meza, uache mwezi mzima utulie kwenye hewa ya hapo itakapokaa, kisha uunganishe kwa gundi na vibano. Ukirudisha skrubu, tundu la katikati liwe kawaida na ya pembeni yatanuliwe kwa patasi yawe marefu kama punje ya wali, ili skrubu iteleze. Hiyo ndiyo siri yote.

Kuhusu aina: mninga unasifiwa kwa haki, husinyaa kidogo kuliko mbao nyingi, na mkongo unaukaribia. Paina za Sao Hill ni nzuri kwa fremu na droo zikikaushwa, tatizo ni kwamba zinafika mjini zikiwa bado na maji ya Mufindi ndani yake. Kwa ubao mpana usiosogea, plaiwudi na MDF zinazishinda zote. Matabaka ya plaiwudi yamepishana nyuzi, kila moja linamzuia mwenzake. MDF haina mwelekeo wa nyuzi kabisa. Anayetaka meza pana ya ofisi kwenye chumba chenye kiyoyozi mchana na joto usiku, namshauri bodi yenye vinia na ukingo wa mbao, bila kuona haya.

Mlango umejipinda kama upinde

Weka rula ndefu au uzi uliovutwa kutoka kona hadi kona. Mlango wa MDF uliopinda, geuza uone nyuma. Kama mbele kuna rangi mikono minne au laminati, lile shiti gumu la kubandika, na nyuma kuna mkono mmoja tu, sababu ni hiyo: upande mmoja unapumua, mwingine umefungwa pumzi. Kwa mlango mpya tiba ni kupaka nyuma sawa na mbele, na ukibandika laminati, ubandike kote kuwili. Uliopinda zamani haurudi, ila unaweza kuongeza bawaba katikati ukauvuta.

Milango mirefu ya makabati ya nguo, ile inayozidi mita mbili, hupinda hata ikitunzwa. Afadhali uigawe miwili, juu na chini. Mwenye nyumba atakataa kwa sababu ya picha aliyoiona kwenye simu. Mwambie, kisha mwachie aamue.

Bawaba imeng'oka

Kwenye chipubodi bawaba hung'oka na kipande cha bodi, panabaki shimo kama jino lililotoka. Mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya vitatu: fundi alitumia skrubu nyembamba za mbao badala ya zenye meno mapana, skrubu zilifungwa na kufunguliwa mara nyingi, au mlango ni mzito kwa bawaba mbili. Mtoto kuning'inia ni cha nne.

Njiti za kiberiti na gundi zinafanya kazi kwenye mbao halisi, kwa sababu skrubu inakuta mbao nyingine ya kushika. Kwenye chipubodi zinashika kwa wiki chache. Fanya hivi: toboa shimo lililoharibika kwa keekee ya milimita 8 au 10, ling'arishe, jaza gundi ya mbao, gonga kijiti cha mbao ngumu kinachobana, kata sawa na uso, acha usiku kucha, kesho yake toboa tundu dogo katikati ya kijiti na ufunge skrubu. Pakiwa pamevunjika vibaya, hamisha bawaba sentimita tano juu au chini. Kwenye kikombe cha bawaba, lile tundu la milimita 35, kama ukingo umepasuka, kata kipande cha plaiwudi nyembamba uzibie kwa nyuma, au kubali mlango mpya.

MDF inashika skrubu vizuri usoni na vibaya ukingoni. Ukifunga skrubu ukingoni bila kutoboa kwanza, bodi inafunguka kama kitabu. Hii haina samahani.

Rafu imebonyea

Ukakamavu wa MDF ni kama theluthi ya mbao ngumu, na wa chipubodi ni chini ya hapo. Zaidi ya hayo bodi huchoka: ikibebeshwa mwaka mzima huendelea kushuka hata uzito usipoongezeka. Rafu ya milimita 16 au 18 ya chipubodi isizidi sentimita 60 bila nguzo ikiwa itabeba vitabu au sahani. Ukiongeza urefu mara mbili na kuijaza vitabu mwanzo mwisho, mbonyeo unaongezeka mara 16. Unene ukiwa mara mbili, mbonyeo unapungua mara 8. Iliyobonyea tayari, igeuze tumbo juu, kisha gundisha ubao wa mbao ngumu wa sentimita 4 au 5 kusimama kwenye ukingo wa mbele. Sura inapendeza pia.

Unga chini ya kabati

Piga goti, chukua unga huo uuweke kwenye kiganja, usugue kwa kidole.

Ukiwa laini kabisa kama unga wa sembe, na kwenye mbao kuna matundu ya duara ya milimita moja au mbili, mbao zimebunguliwa na wale wadudu wadogo wanaokula wanga ulio kwenye weupe wa mti. Tazama, matundu yatakuwa kwenye sehemu nyeupe ya ubao, moyo wa mninga hawaugusi. Hawali paina wala MDF. Ukiwaona, ujue fundi alitumia ubao wenye weupe na kuupaka rangi ya kahawia ufanane. Kabla hujanunua mninga au mvule uliopakwa, kwangua kidogo sehemu ya ndani ya droo.

Ukihisi chembe ngumu, ndogo kama mbegu za mchicha, zenye pembe ukizitazama kwa karibu, hao ni mchwa wa mbao kavu, wapo sana pwani. Hawahitaji udongo, wanaishi ndani ya kiti chenyewe. Gonga kwa mpini wa bisibisi, utasikia utupu.

Ukikuta njia za udongo ukutani au nyuma ya kabati, ni mchwa wa ardhini, na hawa hawabagui: mbao, MDF, chipubodi, plaiwudi, hata vitabu. Kubadili kabati bila kutibu ardhi na kuziba ufa wanaopitia ni kuwaandalia karamu ya pili.

Kwa hao wawili wa kwanza, dawa ya boraksi hufanya kazi kwenye mbao zisizo na vanishi tu, maana lazima inywewe. Samani iliyokwisha pakwa inabidi idungwe dawa tundu kwa tundu au ipigwe msasa hadi mbao. Mafuta ya taa yanafukuza kwa siku chache na yanaacha hatari ya moto.

Na tafadhali, mbao za dawa za kupaulia, zile za kijanikijani, zisiingie jikoni. Dawa yake ina shaba, kromiamu na aseniki. Kazi yake ni kwenye paa. Nimekuta rafu ya mchele imetengenezwa nazo kwa sababu "haziliwi na mchwa". Vumbi lake usilivute, na mabaki usiyapikie.

Chumba kinanuka, macho yanawasha

Kabati jipya la bodi lililojaza chumba kidogo hutoa gesi ya fomaldehaidi kutoka kwenye gundi, na joto na unyevu wa pwani huongeza. Si jambo la kupuuza: tangu 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tafuta bodi yenye muhuri wa E1 au E0, alama za bodi zinazotoa gesi hiyo kidogo, funika kila ukingo, hata wa nyuma ya ukuta, na uache milango na madirisha wazi wiki kadhaa kabla mtoto hajalala humo. Ukinusa na kuona harufu inatoka zaidi kwenye droo, utakuta chini ya droo kuna bodi tupu isiyofunikwa.

Ukiamua kutengeneza jipya

Jiko la kwangu mwenyewe ni mchanganyiko: mbavu na rafu za plaiwudi yenye laminati kote kuwili, juu ya miguu, milango ya fremu ya mninga yenye paneli huru, droo za paina iliyokauka. Chumbani makabati ni MDF na sijutii. Chini ya sinki kuna plaiwudi iliyochemshwa ikafaulu. Ningekuwa na fedha zaidi ningeziongeza kwenye bawaba kabla ya kuziongeza kwenye mbao.

Ukichagua mbao, usikubali neno "kavu" bila kipimo. Muuzaji akiwa na kile kifaa chenye sindano mbili, mwambie achome katikati ya ubao mbele yako, ncha huwa zimekauka siku zote. Asipokuwa nacho, omba kipande kilichokatwa katikati, kipime kwenye mzani wa dukani, kiweke kwenye oveni nyuzi 100 hivi, ukikipima kila baada ya saa mbili mpaka uzito usishuke tena. Kilikuwa gramu 230, kimeishia 200: maji ni 30, gawa kwa 200, asilimia 15. Kwa kabati la Dar hizo ni mbao kavu, fundi aanze kazi. Kwa la Dodoma, mwambie azipange ndani ya nyumba husika na vijiti katikati ya kila ubao, na asishike randa mpaka kipande kingine kisome 10.